Mama Kona, Aliyekataa Tabasamu la Kuagizwa

Marehemu aliagiza kwamba leo asisifiwe upole. Wiki chache kabla ya kututoka alimwita mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, akamkalisha kitako na kumwambia kwamba neno hilo likitajwa mbele ya jeneza lake atainuka kulikanusha, na watu wataaibika bure. Familia imeona heri kumtii. Marehemu alikuwa mkali, mbishi, mwenye kichwa kigumu na ulimi usio na simile. Kwa zaidi ya miaka arobaini alitunga miondoko ya wasichana wa jimnastiki, ile wanayoicheza juu ya zulia la mashindano, muziki ukipigwa, kati ya samasoti moja na nyingine. Wengi waliichukulia sehemu hiyo kuwa ya kuvutia pumzi tu. Yeye aliamini kwamba hapo ndipo msichana anapojulikana ni nani, na kwa imani hiyo aligombana na karibu kila mtu aliyewahi kupewa cheo.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa pili kati ya wanne, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la dobi. Mama yake alikuwa mpiga pasi wa duka hilo, na baba yake fundi viatu aliyeweka meza yake barazani, karibu na mlango. Alikulia katikati ya mvuke na harufu ya gundi. Baba yake alikuwa na kipaji cha kugeuza kiatu, kutazama kisigino kilivyolika, na kueleza mwenye nacho anatembeaje: huyu anaegemea kushoto, yule anaburuta mguu kama ameitwa asikotaka kwenda. Mtoto alisikiliza, kisha akatoka nje kuhakikisha. Muda si muda akawa anaweza kuiga mwendo wa mteja yeyote pale mtaani. Siku moja alimfuata nyuma mwalimu mkuu wa shule ya jirani, tumbo mbele, mikono mgongoni, mpaka baraza zima likavunjika mbavu. Mwalimu akageuka. Watoto wengine walitimua mbio. Yeye aliendelea na mwendo uleule, akampita mwalimu, akafika mwisho wa baraza, ndipo akageuka na kumwamkia kwa adabu zote. Mama yake alimchapa jioni ile. Baba yake alikuwa chini ya meza akitafuta misumari ambayo haikuwa imepotea.

Alianza shule mwaka 1960. Masomo aliyaweza bila kuyapenda. Alichokipenda alikipata akiwa darasa la tatu, mwalimu wa michezo alipomkuta nyuma ya choo cha shule akitembea kwa mikono, na badala ya kumwadhibu akampeleka kwenye ukumbi wa jimnastiki wa mji, jengo lililokuwa ghala la nafaka, lenye paa la mabati na mikeka iliyotoka pamba. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na aliyemfikia sakafuni. Kisha, alipotimiza miaka kumi na tano, akarefuka ghafla, mama yake akawa hana kazi ila kuteremsha pindo la sare. Kocha wa wakati huo alimwambia mbele ya wenzake kwamba miguu yake inafika chini kabla mwenyewe hajafika, na kwamba nafasi yake apewe mwingine. Hakulia ukumbini. Alilia nyumbani, kwenye chumba cha pasi, ambako kwa ule mvuke kila mtu alikuwa na uso uliolowa.

Kesho yake alirudi ukumbini, akaketi kwenye benchi la pembeni. Kocha akamuuliza amefuata nini.

"Nimekuja kutazama," akajibu.

Kocha alimwacha, akijua atachoka. Hakuchoka. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1971, akaajiriwa kuwa karani wa tiketi kwenye bwawa la kuogelea lililopakana na ukumbi, na kila alasiri alipofunga dirisha lake alivuka ua na kuketi palepale.

Nafasi yake ilikuja pale mwalimu wa dansi wa ukumbi alipohamia mji mwingine, wasichana wakabaki na samasoti bila cha kuziunganisha. Siku hiyo alisimama kutoka kwenye benchi na kumfuata msichana aliyekuwa amefika kwenye kona ya zulia, amesimama akijifuta pua na kuhema, akisubiri kujisikia tayari ili akimbie na kuruka. Ndivyo walivyokuwa wakifanya wote. Marehemu akamuuliza anamsubiri nani. Msichana akasema hamsubiri mtu. "Basi kona si kituo cha basi," akamwambia. "Ukiwa unakwenda kona, nenda ukiwa na neno. Ukifika, lisemee hapo. Ukiondoka, tujue kwa nini umeondoka." Wasichana walicheka hadi wakakaa chini, na kuanzia siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Mji mzima ulimjua kwa jina la Mama Kona, hata kabla hajapata mtoto.

Namna yake ya kutunga ilikuwa moja. Hakumpa msichana mwondoko hata mmoja mpaka awe amemtazama akiingia getini, akivua viatu, akinywa maji, akigombana. Aliyekuwa na haraka alitungiwa haraka yake, na aliyenuna alitungiwa kununa kwake, kukatengenezwa mpaka kukapendeza. Mzazi mmoja alilalamika kwamba binti yake anaonekana sakafuni kama anavyoonekana nyumbani akitumwa dukani. Marehemu alimshukuru, akamwambia hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizopata mwaka ule.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mpiga kinanda wa ukumbi. Enzi hizo wasichana walichezea kinanda kinachopigwa palepale, na huyu bwana alikuwa hodari, ila alipenda mwendo wa kasi. Siku ya kwanza ya kufanya kazi pamoja marehemu alisimamisha mazoezi na kumuuliza, "Unanikimbiza kwenda wapi?" Bwana akamjibu kwamba akimfuata atapaona. Akaambiwa amfuate yeye. Walibishana kuhusu kasi ya muziki mpaka siku ya harusi, wakabishana harusini, na mtoto wao wa kwanza alipozaliwa walibishana juu ya kasi ya kumbembeleza. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Mumewe alifariki mwaka 2009, na marehemu alikiri, mara moja tu, kwamba katika mambo mengi ya muziki bwana huyo ndiye aliyekuwa sahihi. Alisubiri azikwe kwanza ndipo akasema.

Kaseti zilipoingia na kinanda cha ukumbi kikatupwa stoo, wawili hao walirekodi muziki wao sebuleni. Katika kaseti moja, binti yao, akiwa mdogo, aliangusha kifuniko cha sufuria jikoni, na mlio wake ukaingia katikati ya wimbo, mahali patamu kabisa. Mashindano yalikuwa kesho yake. Marehemu hakutaka kurudia. Alimwambia msichana kwamba akisikia ule mlio ageuze shingo polepole, kama mwenye nyumba anayeuliza ni nani huyo. Majaji waliusifu ubunifu huo. Binti aliyeangusha kifuniko alidai sehemu yake ya sifa mpaka anaolewa.

Jambo ambalo wengi mliohudhuria leo mnalijua nusunusu lilitokea mwaka 1988, na familia ingependa lijulikane lote. Mwaka huo ukumbini alikuwepo msichana wa miaka kumi na sita, binti wa mama mmoja mbeba mizigo wa sokoni. Alikuwa na mabega mapana na mapaja mazito, na aliruka juu kuliko wote. Wenzake walimtania kwa majina ya wanyama. Marehemu alimwita Bibie, na baada ya muda hata waliomtania wakamwita hivyohivyo. Mwenyekiti wa chama cha jimnastiki, mtu aliyependa wasichana wake wawe wadogo na wachangamfu, alifika mazoezini akasema huyu apewe kupunga mikono kidogo na tabasamu, mengine aachiwe aruke. Alisema ni wa kurukaruka, si wa kutazamwa. Marehemu akamuuliza kama siku ya mashindano akiruka, watazamaji watafumba macho. Mwenyekiti aliondoka na kinyongo.

Bibie mwenyewe alikuwa amekwisha kuambukizwa mawazo hayo. Marehemu alimkuta mbele ya kioo cha chumba cha kubadilishia nguo, akijifunza kutabasamu, midomo ikitetemeka kwa kuchoka.

"Unacheka nini?"

"Nimeambiwa nicheke."

"Kuna kichekesho?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo, mwanangu. Tuache bega lako liseme."

Alfajiri iliyofuata walikwenda wote wawili sokoni, wakasimama pembeni mwa lango la kupakulia, wakamtazama yule mama akifanya kazi. Walitazama anavyochuchumaa kuupokea mzigo, anavyosita kidogo kabla ya kunyanyuka, goti linavyopima, shingo inavyokaza, na jinsi anavyobaki amesimama kitambo baada ya kuutua, kama mtu anayerudishiwa mwili wake. Bibie alikuwa ameyaona hayo maisha yake yote na aliyaonea haya. Asubuhi ile, alivyosimulia baadaye, ndipo alipoyaona mara ya kwanza kwa macho ya mtu asiyeyaonea haya. Kutokana nayo marehemu alitunga miondoko ya dakika moja na nusu, na mumewe akaitungia muziki wa kinanda, safari hii wa polepole, bila ubishi.

Fainali zilifanyika Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1988. Wasichana wakipasha misuli, mwenyekiti alikuja mpaka walipokuwa wamesimama na kusema, Bibie akisikia, kwamba akiingia na ile ngoma ya mapagazi na uso ule uliokunjwa, hatakuwemo katika timu itakayosafiri nje. Akaondoka bila kungoja jibu. Marehemu hakumficha mtoto. Alimwambia kwamba mzee yule hatanii, uwezo anao, na kwamba kuna miondoko mingine ya zamani anayoijua, ya kupunga mikono, akiitaka wataicheza na hakuna atakayemlaumu.

Bibie akamuuliza, "Ungekuwa wewe?"

"Mimi siingii pale. Anayeingia ni wewe, na safari ni yako. Sikuchagulii."

Msichana akapaka chaki mikononi, akavuka mstari, akasimama katikati ya zulia akiwa amewapa majaji mgongo.

Walioona wanasimulia mpaka leo alivyochuchumaa. Aliupokea mzigo usioonekana, na uzito wake ukaonekana kwenye goti. Aliubeba kwenda kona, hatua kwa hatua, akiuhamisha kutoka bega moja hadi jingine, na alipofika hakusimama kungoja pumzi. Alisita vile mama yake alivyosita, akaachilia, akakimbia. Samasoti yake ilikwenda juu kuliko siku zote, kwa sababu watu walikuwa wamemwona akiwa mzito. Katika samasoti ya mwisho mguu mmoja ulitoka nje ya mstari, na hilo lilikuwa kosa, marehemu hakulitetea kamwe. Kisha akautua mzigo, akanyoosha mgongo, akawageukia majaji na kuwatazama kwa uso wake mwenyewe. Juu kabisa, kwenye viti vya nyuma, mama yake alikuwa amesimama. Hakupiga makofi. Alishika mabega yake mwenyewe kwa mikono yote miwili na kubaki hivyo.

Alama za kuruka zilikuwa za juu. Alama za sanaa zilikuwa za chini kuliko za wasichana wote waliocheza siku ile. Alishika nafasi ya nne, na jina lake halikusomwa katika timu ya safari. Marehemu aliitwa mbele ya kamati na kutakiwa aombe radhi, na kauli yake wajumbe waliokuwepo wanaikumbuka mpaka leo: "Nitaomba msamaha siku nitakapokosa. Mkiniona nimekosa, nistueni." Akafungiwa kukanyaga ukumbini kwa miaka miwili.

Hakukaa bure. Shule moja ya msingi ilimruhusu kutumia bwalo lake jioni, meza zikisukumwa ukutani, sakafu ya saruji ikitandikwa magodoro ya kuazima. Samasoti hazikuwezekana pale bila kuvunja shingo, kwa hiyo aliwafundisha wasichana waliomfuata mambo mengine yote: kutembea, kugeuka, kusikiliza, kusimama bila kuomba radhi kwa kusimama. Mvua ikinyesha paa lilivuja, akawapanga wacheze katikati ya ndoo. Kocha aliyewapokea baadaye alisema kundi lile lilikuwa bora kuliko yote aliyopata kuyafundisha. Kifungo kilipokwisha, mwaka 1990, marehemu aliingia kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye benchi lake, na neno lake la kwanza lilikuwa kumwambia msichana aliyekuwa zuliani akunjue kiwiko.

Kuhusu Bibie, marehemu hakujidanganya. Safari ile haikurudi tena. Goti lilimsaliti kabla ya fainali zilizofuata. Miaka mingi baadaye, wakila chakula cha mchana nyumbani, marehemu alimuuliza waziwazi kama anajuta. Bibie aliweka kijiko chini. Alisema, "Niliumia kutokwenda. Kwa nilichofanya sikuumia." Marehemu akamwongezea chakula bila kumuuliza kama ameshiba, na kwa wanaomjua, pale alikuwa analia.

Alistaafu dirisha la tiketi mwaka 2008 lakini hakustaafu zulia. Kanuni za majaji zilipobadilika, wakaanza kuwakata alama wasichana wanaosimama pembeni wakihema na wanaocheza bila hisia, jaji mmoja kijana alimletea habari hiyo mbio, akitegemea atafurahi. Marehemu alikuwa anamenya viazi. Alisema wamechelewa, lakini waingie tu, na kijana akapewa kisu amsaidie.

Mwezi Aprili 2021 alipatwa na kiharusi kilichomwondolea nguvu upande wa kulia. Wodini, mtaalamu wa viungo alikuwa akija kila asubuhi kumwambia inua, shusha, inua, shusha. Marehemu alivumilia kwa muda, kisha akalalamika kwamba zoezi halina mwanzo wala mwisho, na kwamba mkono ukishushwa bila sababu hauwezi kutaka kuinuka tena. Akalipanga upya. Mkono ulitoka kifuani, ukapita usoni, ukafika mbali, ukarudi ukiwa na jambo. Baada ya muda wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wakilifanya pamoja naye, kila mmoja kwa kiungo alichobakiwa nacho. Muuguzi wa zamu alifoka kwamba hapa ni wodi, si ukumbi wa michezo. Marehemu alimwomba asogee kidogo, anamziba wa kitanda cha mwisho.

Alirudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Bibie, ambaye sasa ndiye kocha wa ukumbi ule, alikuwa akimletea wasichana sebuleni jioni za Jumatatu, na marehemu aliwatungia kwa mkono wa kushoto na nyusi mbili. Binti yake alihamisha vyombo vya udongo mara ya kwanza vilipovunjika. Mara ya pili alihamisha kabati. Mwanzoni mwa mwaka huu daktari alisema moyo umechoka na kwamba mgonjwa aepushwe na msisimko. Marehemu akamuuliza kama anaruhusiwa kusisimka akiwa amekaa. Daktari alicheka. Yeye hakuwa anatania, na Jumatatu iliyofuata wasichana walikuja kama kawaida.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, alikunywa chai yake yote, akaomba kiti kisogezwe karibu na dirisha. Binti yake aliona pumzi zinakatika, akamwambia anampigia simu daktari, na kwamba wakati huo alale kidogo.

"Nilale nimefanya nini?" akauliza.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Daktari alipofika, marehemu alikuwa amekwisha kwenda zake, akiwa ameketi, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto juu ya paja na kiganja kimefunuliwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Marehemu ameacha mwanawe wa kiume, fundi umeme, na binti yake, mwalimu wa chekechea, pamoja na wakwe zake wawili. Wajukuu wanne, ambao hakuna hata mmoja anayetembea kwa kuburuta miguu. Kaka yake mkubwa na mdogo wake wa kike. Shemeji, wapwa na watoto wa kaka. Ameacha Bibie, ambaye kwa agizo lake mwenyewe leo ameketi mstari wa mbele pamoja na watoto wa kuzaa, na yeyote anayeliona hilo haliko sawa akamuulize aliyeagiza. Ameacha pia wasichana wa rika zote, wengine sasa wana wajukuu, ambao majina yao hayawezi kuenea kwenye karatasi hii.

Tunamwombea amani tele huko alikokwenda. Suala la kupumzika, ataamua mwenyewe.